Mashine ya Boti Inapozeeka

Ndugu mkulima, najua utauliza: mazungumzo ya wakulima na mashine ya boti, wapi na wapi? Ngoja kidogo. Kama unalima Ukerewe na soko lako liko Mwanza, au una minazi Mafia na mnunuzi wako yuko Dar es Salaam, au unakaa kando ya Ziwa Tanganyika mahali ambapo lori halifiki, basi boti ndiyo lori lako. Machungwa hayaogelei. Mashine ikikohoa mara mbili ikanyamaza katikati ya maji, yamesimama na mavuno yako.

Swali ambalo wakulima wa kando ya maji huuliza kila mara ni hili: mashine yetu imechoka, je, tuiuze, tuibadilishe, au tuitengeneze tena? Wengi hutaka jibu la neno moja. Mimi sina jibu la neno moja. Ila nina historia, na katika historia hiyo utaona watu waliokutana na swali lako hilo hilo, wengine wakiwa na meli kubwa, wengine wakiwa na kimashine cha nguvu za farasi moja na nusu tu.

Tuanze na hicho kidogo. Mtu anayekumbukwa zaidi kwa mashine ya kupachika nyuma ya boti alikuwa mtoto wa wakulima. Jina lake Ole Evinrude. Alizaliwa Norway mwaka 1877, na akiwa bado mdogo wazazi wake wakahamia Marekani, wakalima katika jimbo la Wisconsin. Inasimuliwa kwamba siku moja ya joto kali mwaka 1906 alipiga makasia kuvuka ziwa kwenda kumnunulia mchumba wake, Bess, aiskrimu. Kabla hajarudi aiskrimu imekwisha yeyuka. Sijui wewe ungefanya nini. Yeye alirudi karakana akaanza kufikiria mashine. Hakuwa wa kwanza kabisa, maana Mmarekani mwingine, Cameron Waterman, alikuwa amekwisha kuanza kuuza mashine za namna hiyo. Lakini ile ya Evinrude, aliyoanza kuiuza mwaka 1909, ndiyo iliyopendwa. Ilikuwa na nguvu za farasi moja na nusu na uzito wa kilo 28 hivi. Bess, ambaye sasa alikuwa mkewe, ndiye aliyeshika ofisi na kuandika matangazo ya kuwaambia watu waache makasia.

Sasa sikiliza sehemu inayotuhusu. Mwaka 1914 mke wake alikuwa mgonjwa, na Evinrude akauza hisa zake katika kiwanda. Alikubali kwamba kwa miaka mitano hatashindana na wenzake. Alikaa, akafikiri, na miaka hiyo ilipokwisha akaja na mashine mpya yenye silinda mbili, sehemu nyingi zikiwa za alumini, nyepesi kuliko ile ya kwanza na yenye nguvu zaidi. Akaipeleka kwanza kwa kiwanda kile kile alichokiuza. Wakaikataa. Basi akaanzisha kiwanda kingine, mashine akaiita Elto, akaanza kuchukua wateja wa kile kiwanda chenye jina lake. Yaani mashine ya Evinrude ilizeeshwa na Evinrude mwenyewe! Ndivyo ilivyo kwa mashine. Kuna kuzeeka kwa kuchakaa, vyuma vikaliwa. Na kuna kuzeeka kwa sababu imetoka nyingine iliyo bora, ingawa ile ya kwanza bado inanguruma vizuri. Mambo hayo mawili usiyachanganye, maana muuzaji wa mashine atapenda sana uyachanganye.

Na kuna kuzeeka kwa namna ya tatu, ambako kunauma zaidi: kiwanda kufungwa. Utengenezaji wa mashine za Evinrude ulisimamishwa mwaka 2020, baada ya zaidi ya miaka mia moja. Mwenye mashine ya jina hilo hakuamka asubuhi akakuta pistoni imetoboka. Mashine yake ilikuwa ni ile ile ya jana. Lakini kuanzia hapo kila spea anayoitafuta inatoka katika akiba inayopungua. Kwa hiyo unapoangalia mashine ya mtumba, swali la kwanza si ina miaka mingapi. Swali ni je, spea zake zinapatikana wapi, na ni safari ya siku ngapi kuzifuata?

Haya, turudi nyumbani.

Katika Ziwa Victoria, kabla ya mashine, kulikuwa na mitumbwi mikubwa ya mbao ambayo watu huiita mitumbwi ya Sese, kwa jina la visiwa vya upande wa Uganda. Zamani mbao zake zilishonwa kwa kamba za nyuzi za miti, hazikupigwa misumari. Ilichongoka mbele na nyuma, ikaendeshwa kwa kafi, na mingine ilibeba watu wengi sana. Mashine za kupachika zilipoanza kuingia ziwani katika miaka ya 1950, ikaonekana tatizo ambalo hakuna aliyelitazamia: mtumbwi uliochongoka nyuma hauna mahali pa kupachika mashine. Mafundi wetu ikabidi waukate tezi, waweke ubao mpana uliosimama wima, na kuuimarisha kwa mataruma. Kumbuka ubao huo, tutarudi kwake.

Tangu hapo kazi ikabadilika. Nyavu za nailoni nazo zilikuwa zinaingia miaka hiyo hiyo. Mtu aliweza kwenda mbali akarudi samaki wakiwa bado wabichi, na mwenye mikungu ya ndizi aliweza kufika sokoni siku ile ile aliyoikata. Mwaka 1960 Yamaha ya Japani nayo ikaanza kutoa mashine za boti, na leo ukisimama kwenye mwalo wowote mkubwa utaliona jina hilo kila upande.

Lakini mashine inakula. Kasia halili. Mwishoni mwa mwaka 1973 na mwanzoni mwa 1974 bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne, kutoka kiasi cha dola 3 kwa pipa hadi karibu dola 12. Mwaka 1979 ikapanda tena, na kwetu Tanzania ndio wakati tulipokuwa tumetoka katika vita vya Kagera, fedha za kigeni hakuna. Wazee wanakumbuka jinsi magari ya binafsi yalivyokatazwa kutembea Jumapili mchana. Kama magari ya mjini yalikuwa hivyo, fikiri mashine ya boti kijijini. Mashine nyingi zililala, si kwa sababu zimekufa, bali kwa kukosa plagi, kukosa mpira wa pampu ya maji, kukosa pini ndogo ya propela ambayo ukiishika mkononi unaona haya kusema kwamba hiyo ndiyo iliyosimamisha boti. Watu wakarudia tanga na kasia. Waliokuwa wamechoma matanga yao kwa kujivunia mashine walijuta.

Ndiyo maana mimi huwaambia watu: hata ukinunua mashine mpya kabisa, tanga na makasia yabaki botini.

Sasa nataka nikupeleke Kigoma, maana kule iko habari ya mashine ambayo kila mwenye boti anapaswa kuijua.

Mwaka 1913 Wajerumani walijenga meli katika mji wa Papenburg, kwao Ujerumani. Wakaipa jina Graf von Goetzen. Kisha wakaifungua vipande vipande, wakavitia katika masanduku kama 5,000, wakavileta kwa meli hadi Dar es Salaam na kuvipandisha kwa reli ya kati ambayo mwaka 1914 ndiyo kwanza ilikuwa imefika Kigoma. Mafundi watatu kutoka Papenburg, wakiongozwa na Anton Rüter, pamoja na wafanyakazi Waafrika wengi ambao majina yao hatuyasikii sana, wakaiunga upya pale ziwani. Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915. Ilikuwa na injini mbili za mvuke.

Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimekwisha kuanza. Waingereza wakaleta ziwani boti mbili ndogo zenye injini za petroli, wakizipitisha Afrika ya Kusini na Kongo, zikivutwa milimani kwa matrekta na ng'ombe. Mwezi Desemba 1915 boti hizo zikaiteka meli moja ya Wajerumani, na Februari 1916 nyingine ikazamishwa. Ndogo, lakini nyepesi na zenye mbio. Hayo yote ni habari ya siku nyingine.

Ilipofika Julai 1916 Wajerumani walilazimika kukimbia Kigoma. Meli wasingeweza kuibeba, na hawakutaka adui aipate. Sasa wewe fikiri: ungekuwa fundi, meli umeiunga kwa mikono yako mwaka uliopita tu, unaamriwa uizamishe. Mafundi wale walifanya kitu cha akili. Kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nzito, kila chuma, kisha wakaizamisha taratibu tarehe 26 Julai 1916, si kwa kuilipua. Walikuwa na matumaini kwamba watarudi.

Hawakurudi. Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Mwishowe Waingereza waliiinua mwaka 1924. Ilikuwa imekaa karibu miaka minane tangu kupakwa ile grisi. Walipozifungua, injini zilionekana bado zinafaa, hata matanuru ya mvuke. Wakaifanyia matengenezo, na mwezi Mei 1927 ikaanza kazi tena ikiwa na jina jipya: Liemba, jina la zamani la ziwa hilo kwa upande wa kusini. Na injini zile zile za mvuke ziliendelea kufanya kazi hadi miaka ya 1970.

Hebu simama hapo kidogo. Injini imezama majini kwa miaka, imefufuka, na imefanya kazi karibu miaka hamsini zaidi. Na wewe mashine yako uliiacha juu ya boti mvua nzima, bila kuifunika, petroli imekaukia ndani ya kabureta, ukaja kuivuta kamba baada ya miezi mitatu, haikuwaka, ukasema "hii imekufa, nitafutieni mteja." Imekufa kwa nini? Mara nyingi injini haiuawi na kazi. Huuawa na kulala vibaya.

Lakini habari ya Liemba haiishii kwenye grisi. Swali ni kwa nini injini zile, ngumu namna ile, ziliondolewa katika miaka ya 1970 zikawekwa za dizeli? Injini ya mvuke ina mambo yake. Tanuru lazima liwashwe masaa mengi kabla ya safari. Inahitaji watu wa kulilisha moto usiku na mchana, na linakula kuni au makaa mengi mno. Na fundi wa mvuke anapostaafu, kijana wa kumrithi hayupo, maana vijana wote wamejifunza dizeli. Unaona? Si suala la kufa tu. Kila safari inakula kiasi gani, na nani anaijua kuitengeneza: hayo ndiyo yanayoamua. Hata hizo dizeli hazikukaa milele. Mwaka 1993 meli ikafanyiwa tena matengenezo makubwa kwa msaada wa Denmark. Kilichobaki muda wote ni mwili wa chuma uliotoka Papenburg.

Mfano mwingine uko Mwanza. Meli ya Victoria ilianza kazi ziwani mwaka 1961, na kwa miaka mingi ikawa ndiyo njia ya Mwanza na Bukoba. Wakulima wa Kagera walipakia ndizi zao humo, mikungu kwa mikungu. Mwaka 2014 ikasimama kwa ubovu. Mwenye ndizi akabaki kutazama lori, na lori halina huruma kwa ndizi wala kwa nauli. Mwaka 2020 meli ikarudi kazini. Mwili ule ule, injini mpya.

Kwa hiyo ndugu mkulima, kabla ya kuitazama mashine, tazama boti. Hapa ndipo nilipokuambia ukumbuke ule ubao wa tezi. Mwili wa chuma unaweza kuzizika injini mbili tatu. Mtumbwi wa mbao, mambo ni tofauti. Chukua kisu chenye ncha, chomachoma ubao ule wa nyuma unaoshika mashine, hasa chini, mahali maji yanapotuama. Kisu kikiingia kama kwenye muhogo uliochemshwa, usinunue mashine. Utakuwa unaipachika mashine mpya kwenye mtumbwi utakaokuachia njiani, na mashine itakwenda chini na ubao wake. Angalia na misumari kando ya mkuku. Mashine yenye nguvu kuliko ile ya kwanza hutikisa zaidi, na mbao zilizokuwa zinavumilia farasi nane hazitavumilia farasi ishirini na tano. Nimewaona watu wakinunua mashine kubwa kwa ajili ya sifa, halafu kazi yao ikawa kupiga kalafati kila wiki.

Boti ikiwa nzima, njoo sasa kwenye mashine. Je, imechakaa kweli? Ringi za pistoni zikiliwa, moto wa ndani ya silinda unapenya pembeni, nguvu inapotea. Wewe unaongeza mafuta ili ipate mwendo ule wa zamani. Hutajua kwa macho, lakini daftari litajua. Andika kila safari: tumetoka hapa tumefika pale, mzigo magunia kadhaa, petroli lita kadhaa. Safari ile ile na mzigo ule ule ikianza kula lita kumi na tano badala ya kumi, mashine inakuambia. Dalili nyingine ni ya kamba: ukiivuta polepole unapaswa kusikia mkono unakatazwa, pistoni inakataa, kisha inakubali. Ikivutika laini tu kama kamba ya ndoo kisimani, mgandamizo umekwisha. Halafu fungua skrubu ya oili ya gia pale chini. Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na meno ya gia hayana siku nyingi.

Mengine si uzee. Moto usiotosha kwenye plagi, kabureta yenye uchafu, mpira wa pampu ya maji uliokauka, propela iliyopinda kwa mawe: hayo ni maradhi ya kutibika, na fundi mzuri atayamaliza kwa siku moja. Na mengine ni makosa yetu. Mashine za viharusi viwili hulainishwa kwa oili inayochanganywa na petroli. Nyingi za siku hizi hutaka oili sehemu moja kwa petroli sehemu hamsini, yaani kwa lita 20 za petroli, oili mililita 400. Za zamani zilitaka oili zaidi. Fuata kitabu cha mashine yako. Mtu anapunguza oili kwa kubana matumizi, au anatia oili ya gari kwa sababu ipo, au ananunua petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huku mashine yake si ya mafuta ya taa, halafu pistoni ikiungua analalamika kwamba mashine za siku hizi hazidumu.

Nitakusimulia jambo nililoliona mwenyewe. Kulikuwa na kikundi kimoja cha wakulima wa machungwa, kando ya ziwa. Mashine yao ilikuwa imechoka kweli, nusu ya safari walipiga kasia. Wakakubaliana waiuze, waongeze fedha za msimu, wanunue nyingine. Mzee mmoja akasimama kikaoni akasema, "Bwana Mweka Hazina, hiyo ya zamani tuifungue kwanza tujue ndani mna nini." Mweka hazina akamjibu, "Mzee wangu, kuku aliyekufa hapimwi homa." Watu wakacheka, shauri likapita.

Wakaiuza nzima nzima kwa bei ya chuma chakavu. Aliyeinunua alikuwa fundi. Aliifungua siku ile ile pale pale chini ya mwembe. Silinda ilikuwa imekwisha, ni kweli. Lakini mguu wote wa chini, gia, propela, kabureta, magineti, tangi na mpira wake, vyote vilikuwa vizima. Kwa mwezi mmoja akauza kimoja kimoja kwa wenye mashine za aina ile, na alichopata kilikuwa mara kadhaa ya alichotoa. Kikundi nacho kikanunua mashine ya mtumba kutoka kwa mchuuzi mmoja wa mjini. Ilipakwa rangi ikang'aa kama sahani mpya. Waliijaribu ndani ya pipa la maji, ikanguruma vizuri. Hawakuijaribu ikiwa na mzigo, na hawakufungua oili ya gia. Wiki ya tatu meno ya gia yakasagika, msimu umepamba moto. Na hapo ndipo mambo yalipouma, maana gia waliyoihitaji ilikuwa ni ya aina ile ile waliyoiuza. Wakainunua kwa yule fundi wa chini ya mwembe, kwa bei yake yeye. Machungwa yaliyokuwa yamekwisha chumwa yalilala ufukoni siku tisa. Harufu yake ninaikumbuka. Yule mzee hakusema neno; aliokota machache ambayo hayajaoza akawapa watoto.

Kwa hiyo ukiuza, jua unauza nini. Mashine iliyokufa silinda ni ghala la spea. Tafuta mwenye mashine ya aina yako katika mialo ya jirani. Yeye atakulipa zaidi kuliko mwenye mizani ya chuma chakavu. Mwambie na ubovu wake wazi wazi, maana kwenye maji tunakutana, na mtu aliyezimikiwa na mashine uliyomwuzia katikati ya mawimbi hatakusahau. Ukinunua ya mtumba, nenda na fundi wako, ipachikwe kwenye boti yenye mzigo, mwende nusu saa na kurudi. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mshukuru uende zako. Uliza risiti na namba ya mashine, maana mashine nyingi zinaibwa, na mali ya wizi itakupeleka polisi hata kama wewe uliinunua kwa jasho.

Kama boti yako ina injini ya dizeli ya ndani, ile ya silinda moja, usiwe na haraka ya kuiuza kabisa. Ikishindwa kusukuma boti bado inaweza kufanya kazi nchi kavu. Watu wa makamo wanakumbuka mlio wa injini za Lister katika mashine za kusaga za vijijini, zikizunguka polepole mchana kutwa. Dizeli iliyochoka, ikipunguziwa kazi na kupatiwa maji ya kuipoza, inaweza kukuvutia maji ya bustani ya mboga kwa miaka. Mashine ya kupachika haifai kwa hilo. Imesimama wima, imeumbwa kwa kazi yake tu.

Na kama umeamua kubadilisha, fikiri pia juu ya kinachokuja. Katika Ziwa Victoria watu wameanza kujaribu mashine zinazoendeshwa kwa betri za kuchajiwa. Kwa safari fupi za kila siku, kwenda na kurudi mahali pamoja pa kuchaji, jambo hilo linafaa kutazamwa. Kwa mwenye kubeba tani za muhogo kuvuka maji mapana, mimi kwa maoni yangu ningesubiri kwanza niwaone wengine.

Jambo la mwisho ni la kikundi. Toka siku ya kwanza mashine mpya inapofika, wekeni fedha kidogo kila safari katika mfuko wa mashine inayofuata. Kiasi chake mkubaliane wenyewe, lakini kiandikwe katika daftari lile lile la petroli, mbele ya watu wawili. Na msimu wa mvua ukianza, boti ikapumzika, fanyeni kama wale mafundi wa Kigoma. Ivueni mashine botini. Izungusheni kidogo katika maji baridi yasiyo na chumvi. Mwageni petroli iliyobaki ndani ya kabureta. Fungueni plagi, mtie oili kidogo katika silinda, vuteni kamba mara mbili taratibu ili oili ienee. Pakeni grisi mahali penye chuma kitupu, isimamisheni wima ndani ya nyumba yenye paa zima, ifunikwe gunia kavu.

Tutakutana tena katika mazungumzo yajayo, ambapo tutaangalia namna ya kuhifadhi mahindi yasiingiwe na dumuzi. Kwaheri kwa sasa.